Bwana Miti na Futikamba: Tathmini ya Huduma kwa Mashamba ya Miti ya Familia Njombe na Mufindi

Tathmini hii inahusu huduma ambayo familia nyingi za Nyanda za Juu Kusini zinaihitaji lakini zinaijua nusu tu, yaani msaada wa kitaalamu kwa wenye mashamba binafsi ya miti. Sizungumzii Shamba la Miti Sao Hill, ambalo ni la Serikali na lilianza kupandwa mwaka 1939, wala mashamba ya kampuni kama yale ya miwati yaliyoanzishwa Njombe mwaka 1949, kwa kuwa hayo yana wataalamu wake, magari yake na mipango yake. Nazungumzia ekari tatu, saba au ishirini za paini na milingoti (mikaratusi) zilizo ng'ambo ya bonde, zilizopandwa na babu au mama, na ambazo leo zina warithi wengi kuliko watu wanaojua zina miti mingapi. Familia yetu ina shamba la namna hiyo upande wa Lupembe, mkoani Njombe, na katika kulitunza tumebisha hodi karibu katika kila mlango uliopo: ofisi ya misitu ya halmashauri, chama cha wakulima wa miti cha kijiji, mafunzo mafupi ya Mafinga, na wataalamu waliofika kijijini kwa mgongo wa programu ya Panda Miti Kibiashara. Naitanguliza hukumu yangu ili msomaji aipime kwa yatakayofuata: huduma hii ina thamani kubwa kuliko gharama yake, ila wengi wetu tunakwenda kuomba miche, ilhali jambo ambalo wataalamu hawa wanalifanya vizuri kuliko yote, na ambalo huingiza fedha nyingi zaidi mfukoni mwa mwenye shamba, ni kupima miti iliyokwisha simama.

Panda Miti Kibiashara ilianza mwaka 2014 kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania na Serikali ya Finland. Katika awamu yake ya kwanza nguvu nyingi ziliwekwa katika upandaji: vijiji vilisaidiwa kuandaa mipango ya matumizi bora ya ardhi, wakulima wakaunganishwa katika vyama, na mashamba mapya yakapandwa kwa msaada wa programu. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2019, iligeukia zaidi mashamba yaliyokwisha pandwa, uchakataji wa mbao na soko. Kwa maoni yangu mgeuko huo ulikuwa sahihi, tena ungeweza kuja mapema, kwa sababu mtu aliyesafiri kutoka Makambako hadi Njombe mjini, au kutoka Mafinga kuelekea Mgololo, hakuhitaji kuambiwa kwamba wananchi wamehamasika kupanda. Watumishi wa Serikali, walimu wastaafu, wafanyabiashara wa Dar es Salaam na vijana waliouza bodaboda zao walikuwa wamekwisha kununua vipande vya ardhi na kuvijaza paini. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia la kufanya baada ya mwaka wa tatu.

Mipango ya matumizi ya ardhi nayo isichukuliwe kuwa makaratasi ya ofisini tu. Shamba la miti hukaa miaka mingi kuliko makubaliano ya mdomo, na mipaka iliyooneshwa kwa kijito au kwa kichuguu huwa na wafasiri wengi mara tu miti inapoanza kuwa na bei. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na kijiji chenye mpango uliopitishwa kina njia nyepesi zaidi ya kufikia hati hizo. Sisi tulilifanya zoezi hilo wakati baba wadogo na shangazi wote wakiwa hai na wakiwa kwenye kikao kimoja, na namshauri kila mwenye shamba la urithi aanzie hapo kabla hajamwita mtaalamu wa aina yoyote, maana hakuna bwana miti, yaani afisa misitu, atakayekubali kupanga mavuno ya shamba ambalo ndugu wawili wanalidai.

Kuhusu miche nitasema kidogo. Mbegu bora zinapatikana kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, kupitia vituo vyake vya mbegu za miti, na ushauri unaotolewa kuhusu kuchagua kitalu ni mzuri na hautofautiani kutoka afisa mmoja hadi mwingine: uliza mbegu imetoka wapi kabla hujauliza bei. Kipande kimoja cha shamba letu kilipandwa kwa miche iliyonunuliwa kando ya barabara, kutoka kwa muuzaji ambaye mbegu zake ziliokotwa chini ya mti wowote uliokuwa karibu, na hadi leo robo ya miti ile imepinda au ina vilele viwili. Nafasi inayopendekezwa kwa paini za mbao ni mita 3 kwa mita 3, ambayo ni takriban miti 450 kwa ekari au 1,111 kwa hekta. Wazee wetu walipanda karibu karibu zaidi wakiamini kwamba miti mingi ni mali nyingi, na hapo ndipo kazi halisi ya mtaalamu inapoanzia.

Afisa aliyetujia alitumia sehemu kubwa ya siku akizunguka shambani bila kusema jambo, akiinama kutazama vifundo kwenye mashina na kuinua kichwa kutazama vilele. Kisha akatuonesha upogoleaji. Matawi hukatwa kwa msumeno karibu kabisa na shina bila kuacha kisiki na bila kuchuna gome, na katika mzunguko wa kwanza mtu asipite nusu ya urefu wa mti, kwa kuwa mti unaishi kwa majani yake. Tuliozoea kupitisha panga tukiwa tunaongea tulielewa pale alipopasua kipande cha mbao kuukuu na kutuonesha kifundo kilichokufa kikichomoka na kuacha tundu. Mbao yenye tundu haiendi kwa fundi wa samani. Inaishia kwenye zege, kama mbao ya kumwagia linta, kwa bei ya mbao ya kumwagia linta.

Somo lililozua mjadala lilikuwa la kupunguza miti. Baba mkubwa, aliyepanda mingi ya miti ile kwa mikono yake, alimsikiliza hadi mwisho kisha akamuuliza: "Mwanangu, mti uliokwisha simama unaukata kwa kosa gani?" Afisa hakumjibu kwa kitabu. Alimwambia, "Shikamoo tena, baba, naomba tuwapime hawa wawili," akachukua futikamba na kuipitisha kwenye mti uliobanwa katikati ya shamba na kwenye mti wa ukingoni uliokuwa umepata jua, yote miwili ikiwa ya umri mmoja na karibu urefu mmoja. Wa kwanza ulikuwa na kipenyo cha sentimita 15 hivi, wa pili ukakaribia 30. Alichokiandika chini kwa kijiti ndicho kilichomaliza ubishi: shina la sentimita 15 lina eneo la mkato la sentimita za mraba 177, na la sentimita 30 lina 707. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, mbao huongezeka mara nne kwa urefu uleule. Miti minne iliyodumaa ndiyo inayolingana na mmoja ulionenepa, na hata hapo haiwi na thamani sawa, kwa kuwa kutoka kwenye gogo la sentimita 15 huwezi kutoa mbao ya inchi mbili kwa sita, sembuse ya moja kwa kumi.

Mwongozo wa kitaalamu kwa misindano, yaani paini, ya mbao hutaka shamba la miti 1,111 kwa hekta lipunguzwe hadi karibu 650, kisha baada ya miaka mingine hadi karibu 400, na uvunaji wa mwisho ufanyike miti ikiwa na umri wa zaidi ya miaka ishirini. Kwa Serikali hilo linawezekana. Kwa familia yenye mtoto anayeingia kidato cha tano au mgonjwa anayehitaji kupelekwa hospitali ya Ikonda, kungoja miaka ishirini na ushee ni jambo la kufikirika tu, na mashamba mengi ya vijijini hukatwa kabla ya miaka kumi na mitano. Nilichokipenda katika huduma hii ni kwamba maafisa wenye uzoefu hawakutuhubiria mwongozo mzima. Walitupangia shamba kwa vipande: kimoja kipunguzwe sasa na miti iliyotolewa iuzwe kama mirunda na kuni ili kulipia kazi yenyewe, kingine kiachwe hadi kifikie unene wa kuchana mbao, na cha milingoti kitazamwe kwa ajili ya nguzo au magogo ya viwanda vya vinia vya Mafinga. Kwa kufanya hivyo mahitaji ya nyumbani yakapata sehemu yake, na miti iliyobaki ikapata nafasi.

Upimaji ndio kiini cha tathmini hii, na ndio usioombwa. Katika vijiji vyetu miti inauzwa ikiwa imesimama, kwa macho. Mnunuzi huingia shambani asubuhi, hutembea dakika chache, hutaja bei ya shamba zima na kusema ana lori Makambako linalosubiri. Mwenye shamba hana namba yoyote ya kumjibu nayo, isipokuwa idadi ya miche aliyonunua miaka kumi na mbili iliyopita. Afisa anapopima anaweka kigingi, anafunga kamba yenye urefu wa mita 5.64 na kuzunguka nayo, kwa sababu mduara wa nusu kipenyo hicho una eneo la mita za mraba 100, yaani sehemu moja ya mia ya hekta. Kila mti ulio ndani ya mduara huwakilisha miti mia moja kwenye hekta. Tulipokuta miti 16 kwenye mduara mmoja tulijua kwamba pale wazee walikuwa wamesimamisha miti 1,600 kwa hekta. Kipenyo hupimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, urefu wa mti hupimwa kwa kifaa cha mkononi kutoka umbali unaojulikana, na ujazo hupatikana kwa kuzidisha eneo la mkato kwa urefu na kisha kupunguza, kwa kuwa shina hukonda kadiri linavyopanda. Mti wa sentimita 25 wenye urefu wa mita 18 hutoa kiasi cha theluthi moja ya mita ya ujazo, au zaidi kidogo. Si hesabu ngumu. Mpwa wangu wa kidato cha pili aliifuata, na sasa ndiye anayetunza daftari la shamba.

Kabla ya kupimiwa tulikuwa tumeletewa ofa na mnunuzi mmoja, na wengi katika ukoo walitaka tuichukue. Baada ya kupimiwa tulimwonesha mnunuzi mwingine daftari, tukaomba bei kwa ujazo na si kwa shamba, na tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba nisingependa kuiandika hapa, isije ikaonekana natia chumvi. Naongeza kwamba hata mnunuzi mwaminifu ana sababu ya kutaja bei ndogo. Mashine nyingi zinazochana mbao huku kwetu ni zile ndogo za kuhamishika tunazoziita dingdong, zenye msumeno wa duara ulio mnene, na kila msumeno unapopita hugeuza sehemu nene ya gogo kuwa unga wa mbao. Sehemu kubwa ya gogo hubaki porini kama unga na mabanzi. Mnunuzi hulipia mbao atakazozipata, si gogo zima, na hivyo hasara ya mashine yake humfikia mwenye shamba kupitia bei. Ndiyo maana nayapa alama za juu mafunzo mafupi yanayotolewa Mafinga katika kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya misitu, ambako vijana hufundishwa kutumia msumeno wa mnyororo bila kujiumiza, kuangusha mti kuelekea wanakotaka, kunoa na kurekebisha misumeno, na kupanga gogo kabla ya kulichana. Kijana mmoja aliyepitia mafunzo hayo anafaa kijiji kizima. Familia iliyo na nafasi ya kumlipia mtu mmoja tu impeleke yule atakayebaki kijijini, hata kama si mwenye cheti kikubwa.

Vyama vya wakulima wa miti ni eneo ambalo sifa na lawama zangu zinagawanyika. Vyama hivi vina umoja wao wa kitaifa, TTGAU, ulioundwa mwaka 2017, na wazo lenyewe halina kasoro: wakulima kumi wenye ekari mbili mbili wakiuza pamoja hujaza malori na kumfanya mnunuzi aje kwao, na bwana miti akija kwa chama huhudumia mashamba mengi kwa safari moja. Finland, walikotoka wafadhili wa programu, zaidi ya nusu ya misitu ni mali ya watu binafsi na familia, na vyama vya eneo ndivyo vinavyowapimia, kuwapangia na mara nyingi kuwauzia. Wanaopenda kuutolea mfano wa Finland wakumbuke hata hivyo kwamba vyama vile vilijengeka kwa miongo mingi huku wenye misitu wakilazimika kisheria kulipa ada, na sharti hilo liliondolewa mwaka 2015, vyama vikiwa vimekwisha kusimama. Hapa tulitarajia chama kilichozaliwa jana kijiendeshe kwa ada za hiari za watu ambao mazao yao yatatoka baada ya muongo mmoja. Chama chetu hukutana vizuri msimu wa miche na msimu wa mgeni kutoka mkoani. Miezi mingine katibu hufanya kazi peke yake kwa simu yake. Wenye mashamba wanaoishi mijini, wale tunaowaita wakulima wa simu, ndio wenye maeneo makubwa na ndio wasioonekana kwenye mikutano, na bado wao ndio hulalamika zaidi moto unapopita.

Moto unahitaji neno lake. Kuanzia katikati ya mwaka hadi mvua za Novemba, mtu anayesafisha shamba la mahindi au kurina asali anaweza kumaliza kazi ya miaka kumi ya jirani kwa alasiri moja. Ushauri tulioupata kuhusu barabara za kuzuia moto ulikuwa wa maana, hasa msisitizo kwamba barabara inayolimwa na familia moja peke yake haina msaada mkubwa kama shamba la jirani limejaa majani makavu hadi mpakani. Hata hivyo huduma inaishia kwenye ushauri. Vifaa havipo, na kengele ya kijiji bado ndiyo inayofanya kazi iliyo kubwa.

Udhaifu mkubwa zaidi ni uchache wa maafisa na ukosefu wa usafiri. Katika halmashauri yetu, afisa mmoja hubeba kata ambazo kwa pikipiki huwezi kuzimaliza kwa wiki, na mwenye kumhitaji hujikuta akichangia mafuta. Sina kinyongo na kuchangia mafuta, ila ningependa iwe ada inayojulikana yenye stakabadhi, ili mama mjane mwenye ekari moja ajue mapema atatoa kiasi gani, na asiachwe nyuma kwa sababu jirani yake ana gari. Upande wa nyaraka nao una giza. Kibali cha kuvuna, ushuru wa halmashauri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ni mambo yanayoeleweka ukiyapitia mara moja, lakini hakuna aliyetuandikia kwenye karatasi moja nini kinatangulia na nini kinafuata. Tuliyajua kwa kuulizana, na mnunuzi aliyajua kuliko sisi, jambo ambalo kwenye meza ya bei si dogo.

Nalazimika kusifu uthabiti wa maafisa katika suala la vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Familia nyingi zimepanda milingoti mabondeni, palepale palipokuwa na bustani za kiangazi, kwa kuwa hukua upesi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka umbali wa mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, na kila mtaalamu aliyetutembelea alitutaka tuiondoe iliyokuwa karibu na kijito na kuacha miti ya asili irudi. Ndugu mmoja alinuna. Wengine tulikubali, kwa kuwa mlingoti ukikatwa huchipua tena na kazi ya kung'oa machipukizi inataka watu wenye nia moja. Siku hizi mjadala umehamia kwenye parachichi, ambazo zinakimbilia kula ardhi ya miti kote Njombe, na hapa nilitamani ushauri ulio wazi zaidi: mabwana miti hutetea miti, mabwana shamba hutetea parachichi, na familia huachwa kuamua kwa kusikiliza aliyekuja mwisho. Kwetu sisi miteremko mikali na udongo mwembamba vilibaki kwa paini, na sehemu ya tambarare iliyo karibu na barabara ikaenda kwa parachichi.

Nani basi aitumie huduma hii? Mwenye shamba lililo kati ya mwaka wa nne na wa kumi ndiye atakayefaidika kuliko wote, kwa kuwa upogoleaji na upunguzaji bado vinaweza kubadilisha mbao atakazopata. Mwenye miti iliyokomaa aombe upimaji kabla hajazungumza na mnunuzi yeyote, na abaki na nakala ya hesabu kwa maandishi. Asiye na mti hata mmoja atapata ushauri mzuri pia, lakini aanze na mipaka na hati. Maombi yapelekwe ofisini mapema, ikiwezekana kabla ya mwezi Mei, barabara za Lupembe na Makete zikiwa zinaanza kukauka na maafisa wakiwa hawajaanza kuitwa huku na kule kwa sababu ya moto.